Kumi na Nane Nukta Nne

Saa mbili asubuhi upepo wa Agosti
umeshapenyeza vumbi jekundu chini ya mlango.
Nafuta meza kwa maji ya juzi,
maana bomba la Kizota hutoa Jumanne
na leo Jumatatu.
Maji yaliyokenekwa yamebaki lita sita;
nimeyaficha nyuma ya kabati kama mgoni.

Nyemo amekuja na koti la kaka yake,
mikono imekunjwa mara tatu.
"Taratibu," namwambia, "bureti si kibuyu."
Humo mna nitrati ya fedha,
na fedha, binti yangu, ni fedha:
ukiimwaga, mhasibu analia;
ukiianika juani, inasawijika;
ikikugusa kidole, hakuna sabuni ya kukutetea.
Tazama vyangu.
Mke wangu alipoviona mara ya kwanza
aliuliza nimeanza lini kung'arisha viatu.

Iodidi, sentimita za ujazo ishirini na tano,
jicho sawa na mstari.
Asidi ya siki kidogo. Eosini, matone matano.
Fungua.

Tone la kwanza, maji yanaingia ukungu.
La kumi, manjano:
samli iliyoganda asubuhi ya Juni,
inazunguka, inakataa kutua.
Kila chembe ya fedha imepata mwenza,
wameshikana, wanazama bila posa wala mahari.
Zungusha mkono. Zungusha.
Usitazame dirishani,
hakuna mtu huko ila jua.

Tone moja
likakosa wa kushikana naye,
na mashapo yote yakavaa rangi ya choya.

"Tayari?"
"Tayari ilikuwa nyuma huko. Umepitiliza."
Kumi na tisa nukta sita, uongo wa papara,
tunauandika vilevile, kwa wino.
Mara ya pili, kumi na nane nukta nne.
Ya tatu, kumi na nane nukta nne.
Akacheka peke yake
kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni na asiyemjua.
Akazidisha, akagawanya, akapata
sifuri nukta sifuri tatu sita nane,
akaipigia mistari miwili chini,
wa pili umepinda.

Kisha akatoa mfukoni kifuko kimefungwa fundo.
Chumvi ya kijivu, yenye mchanga.
"Shangazi anaichemsha Bahi, anauza kwa kopo.
Watu wa afya wamemwambia haina madini joto.
Tuipime?"

Mama yangu alikuwa wa Kibakwe, mlimani.
Picha zake zipo tatu,
na zote amegeukia upande mmoja,
upande usio na rovu.

Nikamwambia: si kwa njia hii.
Chumvi ni kloridi, kloridi tupu, kundi kwa kundi.
Iodini yenyewe, kama imo,
ni mbuzi mmoja katika mnada wa ng'ombe.
Fedha haichagui.
Itakamata kila kinachopita mpaka bureti ikauke,
nasi tutakuwa tumehesabu ng'ombe.
Ipo njia nyingine, ya wanga,
bluu inakuja, bluu inaondoka,
lakini thaiosalfeti iliisha mwezi wa tano
na ombi letu limelala mezani kwa mtu.

Hakubisha.
Akaongeza fundo la pili,
akaazima kalamu yangu, akaandika kwenye kifuko
tarehe, Bahi, na jina la shangazi: Sechelela.
Akakiweka rafuni, kati ya eosini na chupa nyeusi
tunamokusanyia mabaki ya fedha.
Kipo hapo hadi leo.

Jioni mlenda ukaja mezani.
Nikachota chumvi ya dukani kwa ncha ya kidole cheusi,
halafu nikaigeuza pakiti, nikasoma mbele na nyuma,
maandishi madogo yote,
mpaka mke wangu akauliza
kama ndani yake kuna barua.